Duniani Wawili Wawili

Miaka mitatu nimemlea Sijaona
nyuma ya mashine ya fotokopi, Mwenge,
kati ya mteja wa cheti cha kuzaliwa
na mteja wa tangazo la msiba.
Karatasi zilizotoka na madoa sikuzitupa.
Upande wake mtupu ndiko alikokaa:
msoma mita wa idara ya maji, kalamu sikioni,
hapokei hata soda,
anazijua nyumba kwa tarakimu tu.
Hapa wamepata mtoto. Hapa wamehama.
Hapa mume amerudi, na hakuaga kule alikotoka.
Na ile nyumba moja ya Magomeni, kufuli limeota kutu,
miezi saba hakuna mtu,
mita inatembea.

Hiyo ndiyo ilikuwa yangu.
Nilimwambia Mwanahija peke yake,
tena kwa kunong'ona, kama mtu anayetaja mimba changa.

Jumamosi, Mtaa wa Samora,
vitabu vimeanikwa juu ya turubai kama dagaa:
hesabu za darasa la sita, mwongozo wa trekta,
na kimoja kisicho na jalada, kimeanzia ukurasa wa tisa.
Nikakifungua nimesimama, jua la saa saba utosini.

"Ngwali aliinama, akafuta vumbi kwenye kioo cha mita.
Mlangoni palikuwa na kufuli. Mita ilikuwa inatembea."

Joto lote lile la Posta,
nikasikia baridi ya visigino.
"Dada, hicho si kitenge, hakipimwi kwa macho,"
Mkude akasema. "Elfu tatu."
Nikalipa. Nani anaomba apunguziwe
bei ya habari mbaya?

Usiku nikakisoma, umeme ukakatika,
nikamalizia kwa tochi ya simu,
nikitafuta tofauti
kama mzazi anayetafuta baka kwenye mguu wa mtoto
aliyehofia amebadilishwa wodini.
Ngwali mwanamume, Sijaona mwanamke.
Ngwali alifunga koki, akaenda zake, kitabu kikaisha.
Wangu alibisha hodi.
Lakini ile sentensi,
maji hayasemi uongo kwa sababu hayana wa kumfurahisha,
ilikuwa yangu neno kwa neno,
ila yeye kaandika "hayaongopi".

Nikaapa sijawahi kukiona kitabu hiki.
Nikamwapia nani?
Chumbani tulikuwa mimi na feni iliyozimika.

Mimi, ninayetoa nakala mia nne kwa siku,
shilingi mia ukurasa, bila kuona haya.
Sijasikia cheti kikimlaumu cheti mwenzake.

"Duniani wawili wawili," Mwanahija alisema,
kisu hakikusimama kwenye ndizi anazomenya.
"Pacha wako katangulia kuzaliwa, basi.
Kwani ndizi nyama umeanza wewe kupika?"
Sikucheka. Nikala, lakini sikucheka.

Ni kwenye kurudia, ukurasa wa sitini na nne,
pembeni, kwa penseli,
mwandiko wa shule za zamani, herufi zimelalia kulia:
"Hii niliiwaza mimi. Keko, Machi 1988.
Sikumwambia mtu. Kaijuaje?"
Chini yake, mstari uliofutwa kwa ufutio.
Nikainamisha karatasi, tochi ikapita ubavuni,
makovu ya herufi yakainuka:
"Yangu mlango unafunguliwa kwa ndani."

Kwa ndani. Na kufuli liko nje.
Miaka mitatu Sijaona amesimama pale, amebisha,
na mimi sikujua kinachofuata,
nikawa namrekebishia kofia,
namwandikia mvua.

Sikuandika chochote pembeni. Kalamu nilikuwa nayo.

Jumatatu, mteja wa kwanza, kitambulisho, pande zote mbili.
Mashine ikatema ya kwanza imeungua, nusu uso.
Nikampa nyingine. Ile nikaigeuza.
Kama huu ni wizi, nimemwibia mtu wa Keko
kitu alichokwishakifuta.
Kitasa kimezunguka.
Ndani mtu anakohoa, anauliza
kama leo umeleta bili
au umekuja mwenyewe.